Unga wa Mashine Yetu

Nyakasimbi, Karagwe

Dada Mackrine, shikamoo.

Migomba imezaa vizuri na kahawa tumeanika. Mwaka jana serikali ilipoagiza wasagaji wachanganye virutubishi kwenye unga wa mahindi, mume wangu Novatus alikataa. "Gharama hizi zitafunga mashine yetu," alisema.

Umemuulizia mtoto. Alizaliwa na mgongo wazi, akaishi wiki moja. Nesi alisema virutubishi vile hupunguza hatari hiyo, hakutulaumu. Silii, dada. Napika, nalima, nalala.

Siku hizi Novatus anavichanganya mwenyewe. Jana mteja alilalamika, "Mbona unga umepanda bei?"

Novatus akamuuliza taratibu, "Nyumbani kwako kuna mjamzito?"

"Yupo."

"Basi mpelekee huu. Utalipa ukipata."

Mdogo wako,
Adventina