Niliandika Kwamba Uliteleza

Yaya wangu Bienvenu, kaka yangu mkubwa,

Ninakuandikia nikiwa nimelalia ubavu wa kulia, kwenye kochi la Maman Zawadi hapa Saint-Gilles, Brussels, kwa sababu ubavu wa kushoto una mifupa miwili iliyopasuka. Daktari amesema nisicheke wala nisikohoe. Kucheka si shida. Ninaandika kwa kidole kimoja kwenye simu, polepole, na kila sentensi naisoma mara mbili kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Unanijua. Barua hii naituma kwako, kisha naiweka kwenye groupe ya simu ya watu wa kwetu, waisome wote, wa Brussels na wa Ottawa, kwa sababu uongo niliokufanyia niliufanya mbele yao wote.

Hujanipigia simu tangu uliporudi Kanada na jicho moja. Sikulaumu.

Unakumbuka alasiri ile ya Bukavu? Nilikuwa na miaka sita, wewe kumi na saba. Watu watano wenye bunduki waliingia uani tukiwa tunachambua maharage. Walimfunga baba mikono kwa waya wa umeme, wakampiga mateke mpaka akaacha kusema. Mama alikuwa amepiga magoti. Wewe ndiye uliyesimama. Ulimwuliza mkubwa wao, kwa sauti ya mwanafunzi darasani: "Jina lako nani? Nani amekutuma?" Alikupiga kitako cha bunduki mdomoni. Niliona meno yako mawili juu ya maharage. Ukauliza tena. Alikupiga tena, mara hii sikioni, ukaanguka, nao wakaondoka na baba. Hakurudi, na mpaka leo hatujui jina la mtu yule.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji. Nilijifunza siku ile kwamba anayeuliza hupigwa. Wewe ulijifunza kwamba lazima kuwe na nchi ambako mtu akiulizwa atajibu. Tulikuwa uani humo humo, Yaya, tukatoka na masomo mawili tofauti.

Nchi hiyo ulianza kuitafuta tungali tunaishi chumba kimoja hapa Brussels, karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, ghorofa ya nne, dirisha lisilofunga. Chakula chetu kilikuwa sardini na bunge la Kanada kwenye kompyuta yako yenye kioo kilichopasuka. Ulipenda saa ya maswali, wapinzani wakimkaanga waziri mbele ya nchi nzima. "Angalia, Aimée," uliniambia, "yule waziri anatoka jasho, na hakuna aliyemgusa." Ulinieleza kwamba nafasi kati ya pande mbili za ukumbi inasemekana ilipimwa zamani kwa panga mbili, ili mtu akinyoosha wa kwake asimfikie mwenzake. Nilikuona kama mtu anayesimulia habari za peponi.

Kisha ukaenda. Ukapata kazi Gatineau, jirani na Ottawa, katika ofisi inayojibu maombi ya wananchi wanaotaka kuona nyaraka za serikali. Ulikuwa unanipigia ukijisifu: mwalimu mmoja wa kijijini ameandika barua, na ofisi nzima inahangaika kumtafutia karatasi zake! Baada ya miaka miwili sauti yako ilibadilika. Ulisema karatasi zinachelewa, na zikitoka zimepakwa wino mweusi mwingi kuliko ulivyodhani sheria inaruhusu. Uliacha kazi. Ukaandika maoni yako gazetini kwa jina lako kamili, ukaalikwa kuzungumza kwenye ukumbi wa chama cha upinzani, na ukaiweka picha ya siku hiyo kwenye groupe yetu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wewe ulikuwa mbali, hukuona. Tonton Déo, baba yetu mdogo, aliyenipa chumba nyumbani kwake Anderlecht ulipoondoka, aliitazama picha ile kwenye simu asubuhi nzima. Unajua binti yake Furaha bado yuko Bukavu na watoto wawili, na kwamba faili lake la kwenda Kanada liko juu ya meza ya mtu tusiyemjua. Jina la ukoo kwenye faili lile ni lako pia. Tonton alikuwa na hakika kwamba mtu huyo wa mezani ataiona picha, atalisoma jina, na atalifunga faili. Nilimwambia nchi ile haifanyi hivyo. Akanijibu, "Serikali ni serikali, mutoto wangu. Banabadilisha tu nguo."

Halafu ukaja likizo, na Jumapili ile baada ya misa ukaingia kwenye mkutano wa kila mwezi wa watu wa kwetu ukiwa na chokoleti za watoto mkononi.

Nitaandika yaliyotokea kama nilivyopaswa kuyaandika siku ile.

Chakula kilikuwa mezani, fufu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Tonton hakungoja sala. "Weye Bienvenu, ile serikali ilikupatia nyumba, ikakupatia papier. Leo unaitukana mu groupe, na jina yetu pale juu?"

Ukasema, "Tonton, sikuitukana. Niliiuliza."

Mwanawe Trésor akaruka. "Alors weye na barafiki yako ba camion! Bale banafunga muji muzima na kelele, bagonjwa banashindwa kulala, ndiyo haki yenu ile?"

"Miye niko na vélo, baiskeli tu, Trésor. Sijawahi kufunga hata barabara ya kuku."

Watu walicheka. Hata Tonton alitabasamu kidogo. Maman Zawadi akapiga meza na mwiko: "Bon, mukule kwanza! Serikali ya Kanada haitakimbia, lakini samaki inapoa."

Laiti ungeishia hapo. Lakini hukuwahi kuishia. Ulianza kueleza, kwa upole wako ule unaoudhi, kwamba wewe pia uliyachukia yale malori ya waandamanaji yaliyoziba Ottawa, lakini serikali iliyotumia sheria ya dharura kufunga akaunti za benki za waandamanaji bila kwenda kwa hakimu lazima ijibu kwa nini. Papa Anselme, mwenyekiti wetu, akakuuliza kuhusu kile kifungu cha katiba yao kinachoruhusu bunge la jimbo kuziweka haki fulani pembeni: mbona chama chako hakipigi kelele kifungu hicho kinapotumiwa na marafiki zake? Ukakubali. Ukasema umeshawaandikia kuhusu jambo hilo, na kwamba siku chama chako kikishika serikali utakiuliza vilevile, mpaka kikuchukie.

"Siku hiyo," Trésor akasema, "chama yako itakuwa imefunga mulango. Na dada yangu ataoza kule Bukavu juu ya mudomo yako."

"Furaha hatazuiwa na mdomo wangu. Anayemchelewesha ana jina na ana ofisi. Mumuulize jina lake! Mnaogopa nini?"

Ulisema "mnaogopa", Yaya, kwa watu waliokimbia msituni na watoto mgongoni.

Trésor alikupiga ngumi ya shingo. Meza ilipinduka, sombe ikamwagika, ukainuka ukimsukuma. Tonton Déo akakuzunguka kwa nyuma. Wote walisema baadaye kwamba alikuwa anaamua ugomvi. Mimi nilikuwa upande wake, nikaiona mikono yake. Alikukamata viwiko na kuvivuta nyuma, jinsi mtu anavyomshika mbuzi, na alisema neno moja kwa mwanawe: "Haraka." Trésor alivunja chupa ya bia kwenye ukingo wa kiti. Ulikuwa unamtazama usoni ilipokuja. Ulipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu mwingine, Tonton akakuachia, ukaanguka kifudifudi juu ya samaki, na Trésor akakupiga teke kichwani mara tatu kabla wanaume wengine hawajamvuta. Damu yako ilikuwa na vipande vya kioo ndani yake.

Mimi nilikuwa katibu. PV ya mkutano, yaani muhtasari unaosomwa na kupitishwa mkutano unaofuata, ilikuwa kazi yangu.

Unajua kazi yangu ya mchana, pale karibu na Schuman, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya. Naandika mihtasari ya vikao vya watu wakubwa. Mtu akigonga meza naandika "alisisitiza". Wakitukanana naandika "kulikuwa na mabadilishano ya wazi". Ninasifiwa kwa hilo. Jioni ile Tonton alikaa mbele yangu jikoni kwake, akanisogezea chai, akasema kwa sauti ya chini, "Aimée, andika vizuri. Furaha akikataliwa, ni weye utamujibu." Trésor alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kwenye mkono uliochanwa na chupa. Nikaandika: "Baada ya mabadilishano ya wazi, sakafu ikiwa na unyevu, Bwana Bienvenu aliteleza na kuumia. Wazee walisaidia kutuliza hali."

Nilitafuta muda mrefu kati ya "aliteleza" na "alijikwaa", nikachagua "aliteleza" kwa sababu ya unyevu. Ndivyo nilivyokuwa mwangalifu.

Wewe uliwaambia polisi ukweli ukiwa kitandani hospitalini. Watu kumi na watano walisema hawakuona, na PV yangu ilikuwa na tarehe, saa na sahihi. Neno lako dhidi ya karatasi yangu. Faili likawekwa kando kwa kukosa ushahidi. Siku unaondoka nilikusindikiza uwanja wa ndege, bandeji ikiwa bado mbichi, na kwenye foleni ya ukaguzi uliniambia maneno manne tu: "Unaandika vizuri sana, Aimée." Kisha ukaingia.

Mwezi uliofuata niliisoma PV ile mbele yao. Papa Anselme akauliza kama kuna pingamizi. Hakuna. Wakapiga makofi, kama kawaida.

Tangu siku hiyo niliishi nyumba moja na mkono uliokukata. Nilimpikia Trésor. Siku moja nilisahau chumvi, akanibana ukutani kwa shingo mpaka vidole vyangu vya miguu vikaacha sakafu, akanong'ona, "Weye muntu wa kuandika, andika na hii." Tonton alikuwa sebuleni. Aliongeza sauti ya televisheni. Asubuhi nilifunga skafu, nikapanda metro kwenda kazini, nikaandika muhtasari wa kikao kuhusu haki za binadamu. Sikukosea hata nukta.

Sikupata ujasiri, Yaya, usije ukafikiri hivyo. Bado naogopa. Ila wiki iliyopita Furaha alipiga simu kwa furaha: ameitwa kwenye mahojiano ya faili lake. Picha yako haikumzuia mtu. Tonton alicheza dansi jikoni. Nilimtazama akicheza, nikasubiri ataje jina lako. Hakulitaja.

Juzi Jumapili, mkutano ulipofika kwenye mengineyo, nilisimama. Nilisema nina marekebisho kwenye PV. Papa Anselme akasema, "Mutoto wangu, PV ikishapita, imepita." Nikasoma hata hivyo: "Bienvenu hakuteleza. Tonton Déo alimshika mikono nyuma. Trésor alimpiga na chupa iliyovunjika, halafu na kiatu. Mimi niliona."

Trésor alipita juu ya meza. Alinikamata misuko akanigonga uso kwenye kiti, na nilipoanguka alianza na miguu. Nilisikia mbavu zangu. Maman Zawadi, na ule unene wake, alijitupa juu yangu, akapokea mateke mawili yaliyokuwa yangu, akipiga kelele: "Uniue na miye, basi! Niko na batoto sita, bote batakujua!" Wanawake wengine wakamshukia Trésor na viti. Safari hii walisimama, Yaya. Mmoja wao alimvunja pua.

Tonton Déo hakunigusa. Alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, akirudia, "Unamuua Furaha. Unamuua Furaha." Alikuwa analia kweli. Yeye ndiye aliyenilipia shule hapa, ndiye aliyenifundisha kuvuka barabara ya Anderlecht. Nampenda, na alikushika mikono.

Jana Maman Zawadi alinipeleka kituo cha polisi, nikitembea kama bibi kizee. Mkaguzi, mwanamke wa umri wa mama yetu, aliandika kwa muda wa saa mbili na nusu. Kabla ya sahihi aliniuliza, "Mademoiselle, unaelewa kwamba unakiri pia kuwa ile karatasi ya kwanza uliijua si ya kweli?" Kadi yangu ya ukaaji inaisha mwaka huu. Ofisi yangu haitamweka karani aliyeghushi muhtasari. Nilielewa. Nilitia sahihi. Mkaguzi alisema ushahidi mpya unaweza kulifungua faili tena. Hakuahidi.

Nguo zangu ziko hapa kwa Maman Zawadi kwenye mifuko mitatu ya taka, Tonton alizituma na teksi. Groupe itanifukuza nikishaiweka barua hii. Wanifukuze, ila waisome kwanza.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba jambo la kikarani: watakuandikia kutoka hapa, watataka ripoti ya daktari wako na maelezo yako upya. Jibu barua yao hata kama hutajibu yangu. Jitunze huko, Yaya, na baridi isiingie kwenye kidonda.

Na wakikuuliza kuhusu mimi, usinihurumie kwa sababu ni mdogo wako. Waambie sikuwa nyuma ya mtu, taa zilikuwa zinawaka, na niliona kila kitu vizuri.

Mdogo wako,
Aimée