Mtoto Asiyetoka Jasho

Jumatatu, 1 Septemba 1952
Joto tangu asubuhi. Mabati ya nyumba hizi za kambi ya mgodi yanalia kwa jua. Ignas kaanza tena — mwili moto, macho mekundu, uji hautaki. Nimempeleka zahanati. Donatus, yule dresa anayefunga vidonda, kampa kwinini, ileile ya mwezi jana. Jua lilipozama homa ikaondoka yenyewe. Malaria gani hii inayoshika saa za kazi kama karani?

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeona jambo. Watoto wa majirani wanacheza uwanjani, migongo inang'aa kwa jasho. Wangu fulana kavu. Kavu! Nimepitisha kiganja mgongoni, kwapani, kwenye paji la uso. Kavu kama karatasi, na moto. Huu ni mwaka wake wa tatu na sijawahi kuona jasho la mwanangu hata tone. Mama gani mimi?

Baba Ignas katoka chini mgodini, shati lake limelowa chapachapa. Nikamweleza. Akacheka, eti mtoto kajaliwa, hatanuka kikwapa. Nikambamizia sahani mezani. Naogopa, ndiyo maana.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemrudia Donatus. Hata kumsalimia vizuri sikumsalimia. Nikamwambia afunge chupa yake ya kwinini, amshike mtoto. Akamshika kila mahali. Akatazama meno — mawili tu, yamechongoka — na nywele zake chache. Akaenda kumwita daktari Mzungu, wakaongea wao kwa wao.

Ndipo Donatus akanieleza. Ngozi ina vitundu vidogo vya kutoa jasho, na jasho likikauka juu ya ngozi linaondoka na joto la mwili. Akaniuliza maji ya mtungini kwangu yanapoa kwa nini. Nikasema mtungi unavuja jasho, kila mtu anajua. Basi mwanao ni mtungi usiovuja, akasema. Vitundu hana, kazaliwa hivyo. Dawa hakuna. Kivuli, na maji juu ya ngozi, basi.

Njiani nimelia. Halafu nikacheka peke yangu, watu wakanishangaa. Si homa! Si uchawi! Haya, nitamtolea jasho mimi.

Ijumaa, 12 Septemba
Nalowesha kanga, namfunga. Ikikauka nalowesha tena. Kisimani, nyumbani, kisimani. Mgongo hauna hali. Lakini leo kacheza saa ya jua kali! Karusha mchanga kwenye unga wa jirani yangu, Mama Chiku. Mama Chiku kafoka mpaka sauti ikamkauka. Nilitamani kumkumbatia.

Jumapili, 14 Septemba
Mama mkwe kafika kutoka Ushirombo. Shikamoo mama, marahaba — hata hajakaa, kamwona mjukuu na kanga mbichi. Mayo, mama wee! Unamuua kwa baridi! Kamvua, kampaka samli mwili mzima, kamviringisha blanketi. Utampokonyaje mama mkwe mtoto siku ya kwanza? Nikakaa. Nikauma meno.

Alasiri Ignas anapumua mbiombio, miguu inakakamaa. Hapo adabu ikanishinda. Nikamnyang'anya, nikamtumbukiza kwenye beseni mbele ya macho ya bibi yake. Mama mkwe kakaa anatazama mpaka mtoto alipodai uji.

Usiku akasema lake. Maji yanatuliza tu. Jasho limefungwa ndani, lazima lifunguliwe. Kwao yupo mganga wa nyungu — chungu cha majani yanayochemka, blanketi juu, mtoto ndani, mpaka jasho limtoke. Nikamwambia halitatoka, mama, halina pa kutokea, ataiva humo! Akasema nimefundishwa na Wazungu.

Ubaya ni kwamba hasemi upuuzi. Mwenye homa akitoka jasho anapona, nani hajaona? Hata mimi ningeamini. Ndiyo maana sipati usingizi.

Jumatano, 17 Septemba
Wananong'ona, mama mkwe na mwanawe. Nikiingia wanazungumzia ng'ombe. Baba Ignas kaniuliza, kwa sauti ya kubembeleza, kwa nini tusijaribu mara moja tu. Nikamjibu kufa nako ni mara moja tu. Katoka bila kula. Namchukia, na namwonea huruma. Mtoto ni wake pia.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimerudi kisimani, kitanda kitupu. Wameondoka! Mama mkwe na Ignas, kwa lori la alfajiri la Ushirombo. Baba Ignas kasimama mlangoni, hanitazami. Anasema alikubali. Anasema nisipige kelele, majirani. Majirani! Ndoo nimeiacha imemwagika hapohapo. Nimechukua kanga mbili na daftari hili, sijui la nini —

Alhamisi hiyohiyo, Katoro
Lori nililodandia kuwafuata limekufa hapa. Dereva yuko chini yake anatukana. Kivuli hakuna. Naandika nisije nikapiga mayowe mbele za watu. Gauni limeninata mgongoni, jasho linadondoka kwenye karatasi, wino unatapakaa. Jasho lote hili la bure! Ningeweza kumgawia, jamani.

Sasa hivi limetokea lori kutoka upande wa Ushirombo. Nimelikimbilia. Dereva anaitwa Sabiti, ndiye aliyewapeleka asubuhi. Nimemuuliza kuhusu bibi na mtoto, akanifokea. Kumbe wewe ndiye mama yake! Bibi yule kamtia wazimu. Kila penye maji anagonga bodi lori lisimame. Anashuka, analowesha kanga, anamfunga mtoto, anapanda. Magunia ya chumvi yote yamelowa. Nimeuliza tena — anamfunga mtoto, si yeye mwenyewe? Mtoto! Sabiti alipomwambia amfunike, kuna upepo, katukanwa yeye na ukoo wake.

Nimekaa chini vumbini.

Kawashusha wapi? Nyumbani kwa bibi au kwa mganga? Hajui. Kawaacha njia panda, njia moja ya kwake, nyingine ya kwa mganga. Kapakia mizigo, kanywa chai, kageuza lori. Alipopita tena bibi alikuwa palepale, mtoto mgongoni, hajashika njia hii wala ile, anakamua kanga juu ya kichwa cha mtoto.

Lori letu limewaka. Wananiita —