Baba Nekesa, Sina Tena wa Kunipinga

Baba Nekesa,

Tangu tukuzike kule Bungoma, mtaa umekuwa kimya. Hapana, nadanganya. Mtaa wetu huu wa Lucky Summer haunyamazi. Vijana bado wanaitana "niaje" chini ya dirisha langu mpaka usingizi unipite. Ni mimi niliyenyamaza. Taarifa ya habari ikisomwa redioni naanza kukujibu, halafu nakumbuka.

Watu wanashangaa nakulilia hivi, mimi ambaye sikukupigia kura hata mara moja. Wewe ulijua. Mwakilishi wa wadi mzima, ukimaliza mikutano yako unapitia kwangu na kuniambia, "Odongo, kura yako kaa nayo. Mimi nipe chai."

Hatukukubaliana kwa lolote. Makaa yalipopigwa marufuku ulifika umefura: "Sasa sheria itanipikia ugali?" Nikakuambia misitu inaisha. Ukaniambia nipande mti, nisimtumie mama muuza makaa askari. Mbolea ya ruzuku uliikataa, ukabeba samadi mwenyewe hadi shambani, mahindi yakatoka mafupi, nami nikakucheka mpaka nikapaliwa. Mimi nilizaliwa pale Muthurwa, kwenye nyumba ambazo serikali iliwapa wafanyakazi wa reli. Kwangu serikali ni mzazi. Kwako mzazi ni Mungu, serikali ni mfanyakazi tu, tena wa kuchungwa.

Na kanisani, wewe mwanasiasa, ulikaa nyuma. Kila wakikuita mbele ulitikisa kichwa. "Humu mimi ni muumini kama yule mama anayeuza samaki wa omena." Nilidhani ni maringo.

Sasa sikia yaliyotokea Jumapili. Kiti chako kinagombewa. Mgombea mmoja, kijana wa suti, alikuja ibadani na kundi lake. Baada ya mahubiri mchungaji akampa maikrofoni, eti asalimie tu. "Watu wangu, mko poa?" Kisha akaanza. Barabara, stima ya bei nafuu, na wewe. "Marehemu Mheshimiwa alinishika mkono akaniambia, kijana, endeleza kazi yangu."

Mama Nekesa alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona akijifunika uso kwa leso. Baba Nekesa, wewe hospitalini hukuweza hata kushika kikombe. Mimi na yeye ndio tuliokuwa pale. Yule kijana hakufika.

Nikasimama. Nikasema, "Marehemu hakuwahi kuishika hiyo maikrofoni. Mwacheni mjane wake asali."

Kanisa zima likageuka. Kijana akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama Biblia yake. Mwishowe kijana akaketi, na mtu akaanzisha wimbo kwa sauti ndogo.

Nje hakuna aliyenipa mkono. Wazee wenzangu walinipita kama nguzo ya stima. Mama Nekesa peke yake ndiye aliyenishika mkono wa koti, akasema, "Asante, shemeji," na kesho yake akaondoka na Nekesa kurudi nyumbani Bungoma.

Basi Jumapili ile nikafika kwangu na kisa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kunipata, na wa kumsimulia ni wewe. Ungecheka! Ungesema hatimaye nimejiunga na chama chako. Ningekana, tungepandishiana sauti, chai ingepoa... Nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia. Sikuwasha taa.

Jumapili ijayo nitarudi kanisani, hata kama benchi zima litakuwa langu. Na mvua zikipungua, barabara ya kwenu ikipitika, nitakuja nishinde nawe kutwa pale kaburini.

Usidhani nimebadilika. Kuhusu makaa ulikosea, na nitazeeka nikisema hivyo. Lakini jambo moja nakuahidi, ndugu yangu: maadamu niko hai, hakuna atakayekuwekea mdomoni maneno usiyoyasema. Hata mimi.

Pumzika.

Odongo