Nafasi ya Papa Kwenye Maporomoko

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa,

Tangu wakuvishe ile medali ya ushujaa wa vitani, hapa Kisangani watu hawana jina lingine mdomoni. Papa, baba yetu, alivaa koti lake la kanisani, akaenda kukutazama kwenye televisheni ya jirani, akalia mbele ya watoto. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nanuka samaki. Makofi nilipiga, ndiyo. Lakini nina wivu, yaya. Wivu mpaka chakula hakishuki.

Unakumbuka Papa alivyotufundisha kufunga miti ya mitego ya samaki kwenye maporomoko? Mguu kwenye jiwe, maji yanakuvuta, kamba za porini zinakata vidole. Wewe ulifunga ovyo ovyo, halafu ukacheka: "Petit, mdogo wangu, kaza na yangu, miye ninaenda kucheza mupira." Nilikaza. Kisha siku ile nilipoteleza, wewe uliyekuwa ukingoni uliruka na nguo zako zote, ukanivuta kwa nywele. Alors, mtaa mzima ukapata hadithi. Mama akakupikia kuku. Mimi nikapewa blanketi.

Hata kukuchukia vizuri siwezi, maana bila wewe nisingekuwa hai. Ona sasa shida hiyo!

Ulipoingia jeshini, mimi nilibaki. Kila maji yakishuka ni mimi ninayepanda juu ya ile miti kuning'iniza vikapu. Nilitamani kitu kimoja tu: nafasi ya Papa ya kutegea, pale katikati ya mawe mawili, ambayo baba humpa mtoto mmoja mbele ya wazee, na tangu hapo inaitwa kwa jina lake. Nilijua ni yangu. Juzi Papa akawaita wazee, akamwaga pombe kidogo majini, akasema: "Hii ninapatia mutoto wangu wa medali. Ule ndiye mwanaume." Mbele yangu, yaya! Na vikapu vya asubuhi ile nilikuwa nimetega mimi.

Tonton, ndugu yake Papa, akakupigia simu, akapandisha sauti tusikie wote. Wewe hukufikiri hata kidogo. "Hapana, Papa. Miye niko mbali. Mupatie petit, iko yake tangu zamani."

Bon, nikapewa. Wazee wakasimama wakapiga makofi, na Papa akainua simu juu ili uyasikie vizuri. "Muone roho ya ule mutoto!" Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hata siku yangu ilikuwa yako.

Asante. Inaniuma kuisema, lakini asante, na Mungu akulinde huko mashariki urudi mzima. Ukirudi usiniletee zawadi. Medali iache nyumbani, ukae ukingoni asubuhi moja tu, unitazame nikipanda miti. Halafu uende umwambie Papa ulichokiona. Wewe anakusikia.

Mdogo wako uliyemwacha mtoni