Tundu Ulilolikandika

Sharjah,
Jumapili mchana

Mama Kabula wangu,

Kabla sijasema langu, niambie kwanza kifua chako kinaendeleaje. Kile kikohozi cha moshi kimepungua, au bado unanificha? Na mama mzazi, miguu yake inamfikisha kanisani? Kabula naye, lile jino la mbele limeshang'oka? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ipo, chakula kipo, joto ndiyo usiseme. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu mtandao wa hapo Usoke hukatika kila ninapofika kwenye neno la maana, na kwa sababu Hamisi anarudi nyumbani wiki hii. Ni yule mfanyabiashara wa Cheyo, pale Tabora mjini, ninayekaa naye chumba kimoja. Ameahidi kuifikisha barua hii mkononi mwako, na Hamisi kwa ahadi simtilii shaka, ingawa kwa mapishi ni balaa.

Kazi yangu ni ileile ya kufunga mota kwenye mageti ya matajiri, yale yanayofunguka yenyewe gari likikaribia. Nikitoka huko naoga, nakaa kitandani na bodi yangu ndogo ya kompyuta, ile isiyozidi kiganja. Wenzangu wananiita profesa, na mimi sikatai. Wangeniona siku ya kwanza wasingeniita hivyo. Nilichukua mota nikaiunga moja kwa moja kwenye bodi, ikatoa kamoshi, ikafa palepale. Umeme wa bodi ile unatosha kuwasha taa ndogo tu, na mota inataka mwingi. Kati ya bodi na mota lazima uweke rilei, kiswichi kinachopokea amri ndogo kutoka kwenye bodi, halafu kinaruhusu umeme mkubwa wa betri upite kwenda kwenye mota. Kila kikifunga kinalia "ta!" Nilikisikiliza jioni nzima nikijiona nimekaa kando ya bani letu la kukaushia tumbaku, moto unawaka, wewe unanimenyea karanga za kulia matobolwa. Mke wangu, hayo matobolwa nayaota. Huku viazi vipo, ila hakuna anayejua kuvichemsha, kuvikata na kuvianika.

Ile mashine ya bani niliitengeneza kwa moyo wangu wote. Niliwaza unavyokesha na moto wa tumbaku peke yako, unavuta moshi, mtoto amelala ndani bila mama. Nikasema, kipimajoto kikae humo ndani kati ya majani, moto ukizidi bodi ijue, rilei ifunge, feni ivute joto litoke nje, na wewe ulale kitandani kwako. Nilimwomba fundi wa Urambo aje kutoboa ukuta na kuifunga feni, akaja, nikafurahi. Nikakutumia maelekezo marefu: waya mwekundu hapa, mweusi pale, usiguse betri kwa mikono yenye maji. Kwa siku kadhaa nilitembea kazini kama mtu aliyejenga nyumba ya ghorofa.

Ulipopiga simu nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni.

"Baba Kabula, tumbaku imeungua."

"Feni haikuzunguka?"

"Ile ta niliisikia. Feni ikanguruma kidogo, ikatoa harufu, ikanyamaza."

"Tundu lake je, mmeliangalia?"

"Tundu gani tena? Nimekandika matundu yote kabla ya kupanga majani, kama kawaida. Panga za feni zimeshikwa na udongo mpaka leo."

"Mama Kabula, lile ndilo la kupitishia joto!"

"Utoboe bani halafu utegemee nisizibe? Kwani wewe umekulia wapi?"

Ukacheka, na tumbaku yako imeungua. Nikacheka na mimi. Lakini nilishuka ngazi, nikakaa kwenye vumbi la geti la watu, nikalia. Nakwambia wewe tu. Udongo ule nimeukanyaga kwa miguu yangu tangu nikiwa mdogo, nimeupaka kwa viganja vyangu kila msimu. Hakuna nyumba Usoke inayowasha moto wa bani kabla ya kuziba hata ufa wa kupita sisimizi. Nilikumbuka nyaya zote, na udongo sikuukumbuka hata mara moja. Ndipo nikaogopa, mke wangu. Nikajiuliza ni nini kingine cha nyumbani kimeshanitoka bila mimi kujua.

Kabla mtandao haujakatika ukasema lile neno lako. "Kila nikikuuliza unarudi lini, unaniletea mashine." Ulisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Kweli ilianza taa ya sola, ikaja pampu ya kisima, sasa feni. Halafu ukaniambia habari za Kabula, kwamba kwa kuwa ulimweleza kuwa ile mashine imetengenezwa na baba yake, kila ikilia ta anakimbilia ukutani na kuisalimia, "Shikamoo baba," kisha anasimama kusubiri ijibu. Tangu siku hiyo sijaigusa bodi. Ipo chini ya kitanda na nyaya zake.

Nilimsimulia Hamisi, nikitegemea anihurumie. Wapi! Alinitania vibaya. "Nyie Wanyamwezi, babu zenu walikwenda pwani kwa miguu na pembe za ndovu mabegani, na walirudi. Wewe una ndege na treni mpaka mlangoni, unashindwa nini?" Nilimtukana kidogo, kisha nikakosa usingizi.

Basi jibu lako ni hili. Msimamizi aliniletea mkataba mpya nisaini, nikamwambia sitasaini. Alidhani nataka kuongezwa mshahara. Huu wa sasa ukiisha napanda ndege, na mnapoanza kumwagilia vitalu vya tumbaku mimi nitakuwa nimeshuka stesheni. Sijui nitaishije hapo, sikufichi. Labda nitatengeneza pampu za watu, labda nitalima tu. Naogopa mtanicheka. Naogopa zaidi Kabula asinijue. Lakini nimewatamani kupita kiasi, na hofu hiyo nitakuja nayo hivyohivyo.

Msalimie sana mama mzazi, nimempigia magoti. Msalimie mdogo wako wa kike, mwimba sauti ya pili, mwambie kwaya waniwekee nafasi ya besi hata kama sauti imekauka. Yule jirani anayekusaidia kupasua kuni, mpe mkono wangu wa shukrani. Na fundi wa Urambo asijilaumu, alitoboa vizuri.

Hamisi anafunga begi. Ameniuliza mzigo wako uko wapi, maana kila safari huwa nampa boksi. Nimempa bahasha hii tu. Kabula akiuliza baba ametuma nini, mwambie safari hii hakutuma kitu, anakuja.

Wako, mwenye hamu na wewe,
Baba Kabula