Alichosema mama mkwe chini ya kamera

Nasrin, shoga, nakuandikia nikiwa hospitalini. Mume wangu Kulwa kakaa nje ya wodi.

Juzi mama yake, aliyelazwa humu, alimwambia, katulia kabisa: "Doto hakufa. Nilimpa mwanamke wa Mwamanyili." Pacha wake, Nasrin! Aliyeambiwa alikufa siku waliyozaliwa!

Daktari akasema tusiyashike maneno hayo. Kamera inayomfuatilia pale kitandani na kifaa alichovishwa mkononi vilionyesha homa imemvuruga akili tangu alfajiri. Kulwa akashusha pumzi.

Wakamtibu. Leo daktari kasema vipimo vyote viko sawa, akili imerudi. Kweli, anatujua wote. Basi Kulwa akamuuliza taratibu: "Mayu, mama yangu, Doto yuko wapi?"

Akamkazia macho mwanawe.

"Nani kakwambia?"

Nasrin. "Nani kakwambia?"