Wageni wa Kutus Walikuja Kuona Nyasi Zako

Giakanja, Jumapili jioni, mwezi wa nane

Mama,

Leo nimeosha vikombe vyote, hata vile vya maua ulivyokuwa ukisema ni vya askofu. Askofu hakuwahi kuja, Mama. Jana wamekuja watu wa Kutus, nikaona nao wanastahili. Sasa nimevirudisha kabatini, nyumba imenyamaza, nikasema nikuandikie kabla sijasahau mambo waliyosema.

Kwanza ujue Madam hajambo. Alizaa mwezi wa sita, ndama jike mwenye baka jeupe usoni. Hajapata jina. Wewe ndiye ulikuwa ukiwapa majina, nami kila nikijaribu moja naona halimkai. Kwa hiyo namwita "wewe", naye anakuja tu.

Hali yangu ni ya kawaida. Asubuhi bado natoka mapema kama ulivyokuwa ukinitoa, umande unalowesha gauni hadi magotini. Siku za kwanza nilikuwa nikisimama kwenye waya na kugeuka nyuma, nikingoja unipe nusu ya kiazi kitamu kutoka mfuko wa sweta yako. Ulikuwa ukikivunja bila kuangalia, na nusu kubwa ikawa yangu. Sweta hiyo ninaivaa. Mfukoni mlikuwa na pini ya kitambaa na punje tatu za mahindi, nami sijazitoa.

Nataka kukueleza habari ya kipande cha chini cha malisho. Nimeichelewesha kwa sababu najua ulivyokipenda.

Unakumbuka hospitalini, jioni ile ya mwisho uliponishika mkono? Nilidhani unataka kunibariki. Niliinama hadi sikio langu likagusa mdomo wako, ukasema, "Nyambura, usiruhusu Madam aingie kule chini. Bado." Basi. Wenzangu wameachiwa baraka na mama zao, mimi nikaachiwa ng'ombe asiingie malishoni. Nilicheka pale pale kando ya kitanda, na nesi akaniangalia vibaya.

Madam hakuingia, Mama. Walioingia ni watu.

Kamati ya mazishi ilitembea shamba lote, wakaona lilivyo mteremko, wakasema mahali pa kusimamisha hema ni pale chini tu. Ulijua wewe mwenyewe kwamba tambarare yetu ni hiyo. Nilikuwa nimekaa jikoni na akina mama, nikasikia uamuzi ukipita dirishani, nami sikuinuka kuwazuia. Asubuhi vijana wa kanisa wakaja na mafyekeo. Walifyeka nyasi zako mpaka udongo ukaonekana, ili wageni wasilowe viatu, na wewe uagwe mahali pazuri. Walifanya kwa upendo. Mmoja alikuwa akifyeka huku analia, anajipangusa kwa kiwiko. Ungemwambia nini?

Usiku mvua ikanyesha. Lori la mahema na viti likazama katikati, likasukumwa na nusu ya wanaume wa Giakanja. Baada ya lori yakaja magari. Baba Wachira, jirani yetu, ambaye ulimfukuza humo mara nyingi kwa sababu ya kupitia njia ya mkato, alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati kabisa, miguu yote minne ya kiti ikizama. Kila mara alikuwa akiangalia miguu yake. Nadhani aliogopa utaketi jenezani umwambie, "Baba Wachira, zunguka!"

Watu walikuwa wengi sana, Mama. Nataka ujue hilo pia. Ungefurahi, kisha ungeangalia chini.

Baada ya hapo Mwangi akaanza kuja kila Jumamosi kutoka Skuta. Ndugu yangu analia kwa mikono. Alipaka lango rangi, akabadilisha mabomba ya maji ya mvua, akarekebisha mlango wa zizi ambao ulikuwa ukilalamika tangu tukiwa wadogo. Nilimwacha. Kisha vitu vya kurekebisha vikaisha, akasimama mbele ya kipande cha chini mikono kiunoni, nikajua.

"Nyambura, tusidanganyane. Hii nyasi imekufa. Iko mtu wa trekta hapa karibu, nimeongea na yeye. Tulime, tuweke waru."

Nikamuuliza Madam atakula nini, maana vipande vitatu vya juu havimtoshi na ndama wake, na shamba la viazi halilishi ng'ombe.

"Madam tutauza. Uko na mikono miwili tu, na Mama hayuko."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sababu iliniuma. Angegomba ningegomba. Lakini alisema polepole, kama mtu anayekutua mzigo kichwani, na mimi mzigo huo ndio ulikuwa ukinisimamisha kila asubuhi.

Nilichukua ndoo nikaenda kukamua.

Halafu simu yako ikalia. Bado naiwekea chaji, usiniulize kwa nini. Ilikuwa sauti ya mama mmoja, ananyanyua maneno juu kwa furaha: "Halo, Mama Nyambura! Ni sisi wa kikundi cha ng'ombe, Kutus. Si ulisema tukuje mvua ikipungua? Tuko tayari kuona hiyo nyasi yako!" Hawakuwa wamesikia. Ulikuwa umewaalika kabla ya kifua chako kukushika, ukanyamaza nayo, kama ulivyokuwa ukinyamaza na mambo yako mazuri mpaka siku yenyewe ifike.

Nilimwambia. Nikasikia kuku wa kwake simuni. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Basi tutakuja tu kutoa pole. Hiyo ya nyasi iache." Nami, Mama, sijui nilitoa wapi sauti, nikamwambia, "Hapana. Kujeni muone nyasi."

Mwangi aliposikia alishika kichwa. "Utawaonyesha nini? Matope?" Kisha akasema sawa, waje. Lakini wakienda, Jumatatu trekta linaingia.

Kwa hiyo jana ndiyo ilikuwa siku. Niliweka beseni la dawa langoni, kila mgeni akakanyaga, hata yule mwenye viatu vya kanisani aliyesema miguu yake haina ugonjwa. Walileta mchele na ndizi. Kwanza walikwenda kaburini kwako. Mwenyekiti wao, Mama Wanjira, ambaye ndiye alipiga simu, ni mtu mnene mwenye kicheko kinachofika kabla yake, lakini pale aliomba kwa sauti ndogo, akakushukuru kwa mwaliko. Alisema hivyo: "Tumefika, mama. Asante kwa kutualika."

Halafu wote wakageuka, wakaniangalia mimi.

Unajua miaka yote ya ziara zako mimi nilikuwa nyuma na birika. Ulianza na majirani, wakaja wa kanisa, mwishowe afisa wa mifugo akawa analeta vikundi, na mimi kazi yangu ni chai na kuhesabu sukari. Maneno yako yote nilikuwa nayajua, lakini kuyajua si kuyasema. Nilianza kwa sauti ya kunong'ona. Mzee Njogu, mrefu kama nguzo ya stima, akapaza sauti kutoka nyuma: "Ongea kama unaita ng'ombe, dada yangu!" Wakacheka, nami nikacheka, nikaongea kama naita ng'ombe.

Niliwaonyesha vipande vya juu. Niliwaambia ulivyokuwa ukisema, kwamba ng'ombe anaingia nyasi zikifika shingo ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na anatolewa zikifika kifundo cha mguu, hata akilia, hata akikuangalia kwa macho yale. Kwamba kinachobaki chini ndicho kinachorudisha kilicho juu. Mzee Njogu akanyanyua mguu wake wote tuuone. "Na gambuti kama hizi? Ng'ombe wangu akingoja hapa atakufa njaa!" Mama mmoja akamwambia avae za mke wake, hivyo ng'ombe atapona na mke atapumzika kuingia matopeni. Ungewapenda sana.

Tukafika kwenye waya wa kipande cha chini. Mpango wangu ulikuwa kuwageuza hapo, niseme chai iko tayari. Lakini Mama Wanjira alikuwa ameshanyoosha shingo.

"Na huku? Ama ndiko mnaficha ile nzuri?"

Mwangi alikuwa amesimama kando na birika, akanitazama. Ningeweza kusema ni mahali tunapotaka kulima. Badala yake niliwaambia ukweli. Hapa palikuwa pazuri kuliko kote. Hapa palifyekwa ili mama yangu aagwe, hapa lilisimama hema, pale lori likazama. Wanaume wakavua kofia. Nilidhani ziara imeishia hapo, na kwamba nimewaharibia siku.

Mzee Njogu akakohoa. "Mimi yangu ilimalizwa na ruracio," akasema. "Wakwe walikuja na mahari, na magari kama ya mbunge. Mimi kwa furaha nikafungua geti, ingieni, ingieni! Binti akaenda, nyasi ikaenda. Nikabaki na mbuzi wa mahari, na hawana cha kula."

Mama, walicheka mpaka wakashikana. Na kumbe kila mmoja alikuwa na yake. Mmoja aliharibiwa na harambee ya kanisa, mwingine na mkutano wa chifu, mwingine na mazishi ya mumewe, na huyo alisimulia polepole na hakuna aliyecheka. Sisi watu wa milimani tambarare ni chache, na ndizo tunazotengea nyasi, na ndizo tunazowapa wageni. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hili katika ziara zako zote, kwa sababu ulikuwa ukiwaonyesha kilichoota.

Wakavuka waya wakaingia. Walikaa humo kuliko walivyokaa mahali pazuri. Walipiga magoti, walichokora, walibishana. Wengine walisema limeni, hapo hakuna kitu. Wengine wakasema ngojeni kwanza. Mama Wanjira akamwita Mwangi.

"Wewe ndiye kijana wake? Weka birika chini. Vuta hii."

Ilikuwa kigombe, ile nyasi yetu ya kutambaa, uzi mwembamba wa kijani uliokuwa ukivuka alama ya tairi. Mwangi akavuta. Jani likakatika, mzizi ukabaki ndani. Akavuta tena kwa mikono miwili, akakaribia kukaa chini.

"Unaona? Hii haijakufa. Hii imekasirika tu."

Pale lori lilipozama ni pagumu kama barabara, hilo hawakulificha. Walisema pachimbwe kwa jembe la meno, pawekwe mbolea ya zizi, pawekwe vipandikizi vya kigombe kutoka kando, na mnyama asikanyage kabisa. Mwangi akauliza itachukua muda gani. Ni swali lake la kwanza tangu mazishi ambalo halikuwa la kumaliza kitu. Mzee Njogu akamwambia mvua ya mwezi wa kumi na moja ipite kwanza, ndipo aseme imekufa. Na Mama Wanjira akaongeza, "Sisi tutarudi kuona. Tukikuta waru hapa, kijana, tutaichimba, tuipike hapa hapa, na hatulipi."

Mwangi alikwenda pembeni na simu yake. Niliuona mgongo wake tu, ule mgongo unaofanana na wako ukitembea. Kisha akarudi. Alichukua birika, akaanza kuwamiminia wageni chai mwenyewe, akijaza vikombe mpaka juu kama wewe.

Jioni, walipokwisha kuondoka, akaniambia, "Mtu wa trekta nimemwambia angoje. Mpaka baada ya mvua. Sijasema milele." Nikamwambia nimeelewa. Leo baada ya ibada alibaki, tukafunga waya mpya kuzunguka kipande chote, yeye akishika nguzo, mimi nikipiga misumari. Kidole kimoja nilikigonga. Tulipomaliza akaegemea nguzo akasema, "Alikuwa akinifukuza humu na kiboko," kisha akalia, Mama. Vizuri, kwa machozi. Nilimshika mkono mpaka akamaliza.

Sijui mvua itasemaje. Wewe ulikuwa ukijua kwa kuangalia mlima asubuhi, mimi naona mawingu tu. Huenda nyasi zikarudi nusu. Huenda Mwangi akapanda viazi vyake mwakani, naye atakuwa na sababu. Lakini nimekwisha kuamua hili moja, nalo nimemwambia uso kwa uso tukiwa bado na nyundo mikononi: Madam hauzwi. Kipande hicho kikishindwa, nitapanda nyasi za nepia kwenye kingo zote, nitakata majani kando ya barabara kama tulivyokata mwaka ule wa kiangazi, mimi na wewe, tukiimba ili tusione haya. Yeye akatikisa kichwa, akasema, "Umekuwa kama yeye." Alidhani ananilaumu.

Watu wa Kutus wamenialika nami niende kwao, niwaeleze habari ya shamba lililokanyagwa. Nimewaambia nitakwenda. Nakuahidi nitakwenda, na nitasema mbele yao bila birika mkononi.

Pumzika sasa, Mama yangu. Huku tunaamka mapema, tunafunga waya, tunangoja mvua. Na ukiwakumbuka watu wako wa huku, nikumbuke na mimi.

Mwanao,
Nyambura